Magadi Isiyotajwa: Mtayarishaji Simon Channing Williams na Swali la Kinywa cha Mwenyeji

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kumhukumu mtunzi. Tukisoma riwaya twamwuliza mwandishi wake. Tukitazama tamthilia twamwuliza mwandishi pamoja na waigizaji. Filamu nayo ilipoanza kuingia katika madarasa yetu, tuliichukua desturi hiyo hiyo tukamtwisha mwelekezi mzigo wote wa sifa na lawama. Mtu mmoja tumemwacha nje ya mahakama yetu, naye ni mtayarishaji. Tunamdhania kuwa mhasibu tu, mtu wa hundi na risiti, ambaye hana la kujibu mbele ya sanaa.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potofu. Mtayarishaji ndiye anayeamua hadithi ipi inunuliwe, nani aiongoze, ipigwe picha katika nchi gani na kwa siku ngapi. Kwa kuamua hayo, huamua pia jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha kuliko jingine lolote, yaani nani atapewa kinywa na nani atabaki kuwa sura tu. Mfano tutakaouchunguza ni wa Mwingereza Simon Channing Williams (1945-2009), na kazi yake mashuhuri zaidi kwetu ni filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, ambayo jina lake twaweza kulifasiri kuwa mtunza bustani asiyechoka. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa picha katika ziwa Magadi, Kajiado.

Yafaa tueleze swali lilivyozuka. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwaonyesha filamu hiyo wanafunzi wa fasihi. Ilipofika sehemu ya mwisho, mhusika mkuu ameketi peke yake ufukweni akiwasubiri wauaji wake, na darasa lilikuwa kimya. Ghafla msichana mmoja kutoka upande wa Shompole alicheka. Alipoulizwa sababu alijibu kwa adabu: "Samahani mwalimu. Wanasema hapo ni Turkana. Hapo ni Magadi, ng'ombe wetu hupita hapo." Kicheko hicho hakikuwa cha utovu wa nidhamu. Kilikuwa uhakiki, na makala haya ni jaribio la kukipa maelezo yanayostahili.

2. Mtayarishaji aliyelipia maneno yasiyokuwapo

Hatuwezi kuelewa kilichotendeka Magadi bila kujua mtu huyu alikuwa ametenda nini kwao. Channing Williams alijifunza kazi katika shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, akiwa msaidizi wa waelekezi. Humo ndimo alimokutana na mwelekezi Mike Leigh, walipofanya kazi pamoja katika filamu ya televisheni Grown-Ups ya mwaka 1980. Miaka minane baadaye alikuwa mmoja wa watayarishaji wa High Hopes ya Leigh, na mwishoni mwa mwongo huo wawili hao waliunda kampuni waliyoiita Thin Man Films. Maana yake ni filamu za mtu mwembamba, jina la mzaha kwani hakuna kati yao aliyekuwa mwembamba. Kuanzia hapo hadi Happy-Go-Lucky ya 2008, alitayarisha takriban kila filamu ya sinema aliyoiongoza Leigh: Life Is Sweet, Naked, Secrets & Lies, Career Girls, Topsy-Turvy, All or Nothing na Vera Drake.

Tuzo zao hazihitaji kutuchelewesha. Inatosha kusema kwamba Secrets & Lies ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1996, na Vera Drake ikatwaa ile ya Venice mwaka 2004. Linalostahili kuzingatiwa ni namna kazi hizo zilivyozaliwa. Leigh haanzi na mswada. Huwakusanya waigizaji kwa miezi kadhaa, kila mmoja akamjenga mhusika wake tangu utotoni, akajifunza anavyotembea, anavyokula, anavyosita kabla ya kujibu. Maneno ya filamu hutoka katika mazoezi hayo. Mwigizaji huenda asijue siri ya mhusika mwenziwe mpaka siku wahusika hao wanapokutana. Ndiyo maana mama wa tabaka la wafanyakazi katika Secrets & Lies hasemi Kiingereza cha vitabuni. Husema kile cha mtaani kwake, pamoja na kilio chake, kigugumizi chake na maneno yake ya kurudiarudia.

Sasa mwenye fedha huulizaje kabla hajafungua mkoba? Huuliza mswada uko wapi. Channing Williams alikuwa mtu wa kwenda mbele ya wenye fedha kama hao, mwaka baada ya mwaka, na kuwaambia kwamba mswada haupo, hadithi haijulikani, na hata hivyo watoe fedha. Hiyo ndiyo fani yake. Sanaa ya mtayarishaji huyu ilikuwa kununua muda ili watu wa kawaida wa Uingereza, dereva, mfagiaji, mama wa kiwandani, wapate kusema kwa ulimi wao wenyewe. Tukisema kwamba Leigh aliupa usemi wa mtaani heshima ya sanaa, ni haki tuongeze kwamba Channing Williams ndiye aliyeulipia.

3. Kutoka London hadi Kenya

Mwaka 2000 aliunda kampuni nyingine pamoja na Gail Egan, Potboiler Productions, ili atayarishe kazi za waelekezi wengine. Riwaya ya John le Carré ilipotoka mwaka 2001, Channing Williams alikuwa amekwisha kuitamani. Riwaya hiyo yahusu mke wa mwanadiplomasia wa Uingereza mjini Nairobi, Tessa Quayle, anayegundua kwamba dawa mpya ya kifua kikuu inajaribiwa kwa maskini wa Kenya pasipo wao kujua hatari yake. Tessa anauawa karibu na ziwa Turkana, na mumewe Justin, mtu mpole wa maua na bustani, anaanza kuifuata njia yake hadi kwenye mauti yake mwenyewe.

Hapa hatuna budi kumsifu mtayarishaji kwa maamuzi mawili. La kwanza ni la mwelekezi. Mike Newell aliyekusudiwa hapo awali alipokwenda kuongoza filamu ya Harry Potter, kazi haikupewa Mwingereza mwingine. Alipewa Fernando Meirelles, Mbrazili aliyejulikana kwa City of God (2002), filamu ya vijana wa mitaa ya mabanda ya Rio de Janeiro. Yaani hadithi ya Waingereza katika Afrika ilikabidhiwa mtu ambaye jicho lake halikutoka London.

La pili ni la mahali. Ilikuwa rahisi zaidi kupiga picha Afrika Kusini, ambako vifaa na mafundi walikuwa tele, na mpango huo ulifikiriwa. Lakini baada ya kuzuru Nairobi waliamua filamu ipigwe Kenya kwenyewe. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Riwaya iliichora serikali ya Kenya ya wakati wa Rais Moi kwa rangi mbaya, na haikupendwa na wakubwa wa wakati huo. Mabadiliko ya serikali ya Desemba 2002 yaliufungua mlango, na mwaka 2004 kamera zikaingia Kibera, Loiyangalani na Magadi. Meirelles aliwaacha Rachel Weisz na Hubert Koundé watembee katika vichochoro vya Kibera miongoni mwa wakazi halisi na kuzungumza nao. Kwa dakika hizo chache, mbinu ya Leigh ya kuliacha neno lizaliwe papo hapo ilifika Nairobi.

Filamu iligharimu takriban dola milioni 25, nayo ikarudisha zaidi ya milioni 80. Weisz alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike mwaka 2006. Kwa vipimo vya biashara na vya sherehe, huu ulikuwa ushindi mkubwa wa mtayarishaji huyu nje ya kazi zake na Leigh.

4. Mahali palipovuliwa jina

Turudi sasa kwa kicheko cha yule msichana. Kutoka Magadi hadi Loiyangalani ni kilomita zipatazo 500 kwa mstari ulionyooka. Turkana ni ziwa la maji, lenye wavuvi, upepo mkali na mawe meusi ya volkano. Magadi ni ziwa ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni gamba jeupe lenye wekundu wa waridi, ambapo mtu aweza kusimama mahali alipotarajia kuzama. Pembezoni mwake mna chemchemi za moto ambamo huishi ngege wadogo waliozoea maji ambayo yangewaua samaki wengine. Mpigapicha César Charlone aliuona weupe huo, na ni dhahiri kwa nini aliupenda. Picha ya mtu mmoja mdogo katika weupe usio na mpaka inasema upweke kuliko maneno.

Mtu ataweza kutujibu kwamba sinema huishi kwa udanganyifu wa aina hii, na kwamba jumba la Verona katika jukwaa la tamthilia halijengwi Verona. Tunakubali. Hatudai kwamba kila filamu iwe ramani. Tunalouliza ni hili: ni mahali pa aina gani panapoweza kubadilishwa jina pasipo mtazamaji aliyekusudiwa kugundua? Mtayarishaji yeyote anajua kwamba hawezi kuupiga picha mto Thames na kuuita Rhine, kwa sababu watazamaji wake wangecheka kama alivyocheka msichana wetu. Magadi iliweza kuitwa Turkana kwa sababu wenye kuijua Magadi hawakuhesabiwa kuwa watazamaji.

Na ardhi hii ina historia ya kuvuliwa majina. Jina la kaunti yenyewe, Kajiado, ni Olkejuado ya Kimaasai iliyokatwa na kulainishwa. Magadi ni neno letu la Kiswahili, la mpishi anayelainisha maharagwe na la mzee anayechanganya ugoro wake. Ziwa limeitwa kwa kile kinachochukuliwa kutoka humo. Mwaka 1911 ulikuwa mwaka wa mkataba wa pili wa Wamaasai na serikali ya kikoloni, uliowatoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Mwaka huo huo ndipo ilipoanzishwa kampuni ya Magadi Soda, na reli ikajengwa kutoka Konza kupitia Kajiado hadi ziwani ili kuubeba mzigo kwenda pwani na ng'ambo. Magadi hayo yaliyosafishwa ni kiungo kimojawapo cha kutengenezea vioo. Mwaka 2004, wakati filamu ikipigwa picha, ulikuwa mwaka wa 100 tangu mkataba wa kwanza wa 1904, na Wamaasai waliandamana kudai ardhi yao. Filamu inayolaumu unyonyaji wa Afrika ilipita juu ya gamba hilo bila kulitaja. Ilichukua weupe wake ikaondoka, kama behewa.

5. Nani anasema, na kwa lugha gani?

Dhamira ya The Constant Gardener ni nzito na ya haki. Inatufunulia jinsi kampuni za dawa, wafanyabiashara na wanadiplomasia wanavyoweza kuuficha ukweli pamoja. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na filamu hii inaupindua usemi huo: mgeni amekuja na dawa, na mwenyeji anakufa. Lakini tukilinganisha maudhui haya na fani iliyoyabeba, twakuta mgongano.

Tuwatazame wahusika. Mwafrika mwenye nafasi kubwa kuliko wote ni daktari Arnold Bluhm, aliyeigizwa na Koundé wa Ufaransa, naye anauawa. Wanza, mwanamke anayekufa baada ya kupewa dawa ile, yumo hospitalini. Tunamwona akihema, lakini hatumsikii akieleza maisha yake. Mdogo wake Kioko anaonekana akitembea barabarani na mtoto mchanga mikononi. Tessa anamsihi mumewe wasimamishe gari wamsaidie, na Justin anakataa kwa hoja kwamba wenye shida ni wengi mno. Baadaye, katika kambi ya wakimbizi, ni Justin anayemsihi rubani amchukue mtoto mmoja, na rubani anamjibu kwa hoja ile ile. Huu ni mpango mzuri wa hadithi: Justin amejifunza. Lakini tuangalie aliyejifunza ni nani na waliotumika kumfunza ni nani. Kioko na yule mtoto wa kambini ni vitabu viwili vya somo la Justin, na kitabu hakiulizwi maoni yake.

Ukweli nao hufichuliwa wapi? Si Kibera, si Loiyangalani. Hufichuliwa kanisani London, katika ibada ya kumkumbuka marehemu, pale jamaa yake Tessa anapoisoma barua ya siri mbele ya wakubwa. Ni tukio lenye nguvu, na limeigizwa vizuri. Hata hivyo hukumu imetolewa kwa Kiingereza, na Waingereza, kwa Waingereza. Ushahidi ulitoka katika miili ya Wakenya, ila hakuna Mkenya aliyeitwa kizimbani kuutoa.

Sauti ya Kiafrika inayodumu katika filamu ni ya wimbo. Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyefariki mwaka 2019, anaimba Kothbiro kwa Kijaluo, maana yake mvua yaja. Ni wito wa mfugaji wa kuwataka watu waingize ng'ombe nyumbani kabla haijanyesha. Wimbo huo ungeweza kueleweka vizuri sana na wafugaji wa Magadi, wanaojua thamani ya wingu. Lakini mtazamaji asiyejua lugha huupokea kama huzuni tupu. Lugha ya Mwafrika imekubaliwa hapa kwa sharti moja, kwamba isieleweke.

6. Utetezi na mipaka yake

Haki yadai tumsikilize mtetezi. Atasema kwanza kwamba filamu hii haikudai kuwa hadithi ya Wakenya. Ni hadithi ya hatia ya Waingereza, na mwenye hatia ndiye anayepaswa kuungama. Hoja hii ina uzito. Ni afadhali Mwingereza ajishtaki mwenyewe kuliko ajifanye msemaji wa wengine. Lakini kuungama mbele ya mtu asiyeruhusiwa kujibu ni nusu ya kuungama.

Atasema pili kwamba Channing Williams hakuondoka mikono mitupu. Yeye na wenzake waliunda Constant Gardener Trust, mfuko wa kuwasaidia watu wa Kibera na Loiyangalani kwa elimu na mahitaji mengine ya msingi, na aliushughulikia kwa moyo. Watayarishaji wengi wamepiga picha katika nchi hii tangu enzi za ukoloni wakaacha nyuma yao mashimo ya mahema tu. Tunamsifu kwa hilo bila kusita. Lakini mhakiki hana budi kutenganisha wema na sanaa. Mfuko umo nje ya filamu. Filamu yenyewe ndiyo itakayotazamwa miaka 50 ijayo. Ndani yake mwenyeji bado ni mgonjwa, mtoto na mwimbaji. Hisani haiwezi kuwa fidia ya usemi.

Tatu, atasema kwamba soko halikuruhusu. Hapa ndipo historia ya mtu huyu inapomshuhudia dhidi yake. Soko halikuruhusu pia filamu zisizo na mswada, na yeye alilishawishi kwa miaka 20. Aliyeweza kununua miezi ya mazoezi ili mama wa London apate sauti yake, angeweza kununua wiki chache ili Wanza apate yake. Hatumlaumu kwa kukosa uwezo. Tunamlaumu, kwa heshima, kwa kutoutumia hapa uwezo aliokuwa ameuthibitisha kwao kuliko mtayarishaji mwingine yeyote wa kizazi chake.

Kwamba jambo lenyewe liliwezekana, lilithibitishwa muda mfupi baadaye. Soul Boy (2010) ya Hawa Essuman ilipigwa picha Kibera, na Nairobi Half Life (2012) ya David Gitonga, maarufu kwa jina la Tosh, ilipigwa picha Nairobi. Zote mbili zilitokana na ushirikiano na watayarishaji wa Ujerumani, na katika zote mbili wahusika wanasema Kiswahili cha mtaani kwao. Watazamaji wa ng'ambo walisoma tafsiri chini ya picha na hakuna aliyedhurika.

7. Hitimisho

Simon Channing Williams alifariki Aprili 2009 akiwa na umri wa miaka 63. Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi yake yote ni hoja moja ndefu juu ya thamani ya usemi wa mtu wa kawaida, na kwamba hoja hiyo ilikatika ilipofika kwetu. Alileta kamera mahali penyewe, akamleta mwelekezi mwenye jicho la haki, akawakumbuka watu baada ya kazi. Kilichobaki nyuma kilikuwa subira yake kwa ulimi, iliyokuwa bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Somo kwa idara zetu ni la vitendo. Tukiendelea kufundisha uhakiki wa filamu kana kwamba maneno hutoka kwa mwandishi peke yake, hatutajua mlango wa kubisha. Wanafunzi wetu wafunzwe kuandika miswada ya filamu kwa Kiswahili na kwa lugha zao, Kimaasai kikiwamo. Wafunzwe pia kazi ya utayarishaji, mikataba na bajeti, maana humo ndimo kinywa hutolewa au hunyimwa. Siku mtayarishaji mwingine atakapoteremka barabara ya Kiserian na Olorgesailie kuja kuutafuta weupe wa ziwa lile, amkute mtu wa kumwuliza: hapa utapaita jina gani, na sisi tutasema nini?

Tumezoea kurudia kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Magadi ya Kajiado yamesafirishwa miaka zaidi ya 100 kutengeneza vioo vya wengine. Si dai kubwa mno kwamba walioketi pembezoni mwa ziwa hilo wajitazame humo nao, na chini ya sura yao liandikwe jina la kwao.